Jinsi ya Kupanga Uchunguzi wa Kesi ya Fidia Baada ya Ajali ya Barabarani Nchini Kenya

Jamaa za majeruhi huuliza maswali yale yale: waanze polisi au kwa wakili, picha za simu zinakubalika kortini au hazikubaliki, na kwa nini wakili anadai karatasi ambazo zilitupwa siku mgonjwa aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu aliyeachiwa mahangaiko hayo ilhali mgonjwa bado yuko wodini, na vilevile kwa karani mpya aliyekabidhiwa faili lenye jina na nambari ya simu tu. Hauchukui nafasi ya wakili. Lengo lake ni kwamba siku mtakapoketi mbele ya wakili, ushahidi uwe bado upo.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba ushahidi haupotei wote kwa pamoja. Alama za breki hufutwa na mvua ya kwanza, kamera za CCTV hurekodi juu ya picha za zamani, na muuza mahindi aliyeshuhudia ajali huhamia steji nyingine, lakini rekodi ya umiliki wa gari itakuwa pale pale NTSA, mamlaka inayosajili magari, hata mwakani. Kwa hiyo uchunguzi hupangwa kwa kufuata kinachopotea kwanza. Wengi hufanya kinyume: hutumia wiki tatu za mwanzo kufuatilia abstrakti ya polisi (karatasi ya muhtasari wa ajali), na wanapokumbuka kwenda mahali pa ajali hakuna tena wa kuuliza.

Mfano tutakaoutumia ni wa kubuni. Dada yako alikuwa abiria wa bodaboda kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, karibu na soko la Mtwapa. Matatu iliondoka steji ikaingia barabarani ghafla, ikaigonga pikipiki, na dada yako akavunjika mguu.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari moja lisilo na matumizi mengine, simu yenye kamera na nafasi ya kutosha, utepe wa kupimia, bahasha kubwa za karatasi, na nakala ya kitambulisho cha majeruhi. Andaa pia barua ya idhini ambayo majeruhi ameitia saini au alama ya kidole gumba, inayokuruhusu kuchukua rekodi zake za matibabu kwa niaba yake. Hospitali ina haki ya kukunyima bila barua hiyo, kwa kuwa habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwisho, tafuta mtu wa pili wa kuandamana nawe, kwa sababu hakuna apimaye barabara kuu peke yake akawa salama.

Ikiwa ajali ilitokea jana au juzi, anza na hatua ya 3 leo hii, kisha urudi kwenye hatua mbili za kwanza jioni.

Hatua za kufuata

1. Andika tarehe ya mwisho ya kufungua kesi. Iwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kesi ya madai yanayotokana na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Ikiwa gari lililosababisha ajali ni la serikali, muda huo hushuka hadi miezi 12 chini ya Sura ya 39, sheria ya ukomo wa kesi dhidi ya serikali, na hapa ndipo watu wengi hunaswa, kwa sababu jirani aliwaambia kuwa wana miaka mitatu. Ikiwa majeruhi alikuwa kazini, uliza kwanza kama dai lake dhidi ya mwajiri linapaswa kupitia Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo hushughulikiwa na Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini na ina taratibu zake.

2. Gawa ukurasa unaofuata mara nne. Andika maswali haya: nani alisababisha ajali na kwa kosa gani, majeruhi aliumia wapi na kwa kiasi gani, amepoteza nini kwa hesabu ya shilingi, na ni nani mwenye gari na bima ya kulipa. Chini ya kila swali andika unachokijua, chanzo cha habari hiyo, na kinachokosekana. Swali lililobaki tupu ndilo kazi yako ya wiki inayofuata. Ongeza sehemu ndogo ya tano iitwayo "udhaifu", uandike humo yale ambayo ungependa yasiwepo: je, dada yako alivaa helmeti, je, pikipiki ilibeba abiria wawili, je, mwendeshaji alikuwa na leseni? Kampuni ya bima itatuma mchunguzi wake, naye atauliza hayo kabla ya mengine yote. Ni afadhali wakili wako ayasikie kutoka kwako kuliko ayasikie kortini.

3. Nenda mahali pa ajali. Nenda mapema iwezekanavyo, kisha urudi mara ya pili siku ile ile ya juma na saa ile ile ajali ilipotokea, ili uone mwanga ulivyo, magari yanavyokwenda, na ni vibanda vipi huwa wazi wakati huo. Piga picha za mbali kwanza, zionyeshe barabara nzima pande zote mbili pamoja na kitu kisichohama, kama vile nguzo ya umeme, mti au jengo. Kisha sogea karibu: vipande vya vioo, alama za breki, mafuta yaliyomwagika, matuta, alama za barabarani, au pengo la mahali ambapo alama ingepaswa kuwepo. Weka utepe au sarafu kando ya kila kitu kidogo unachokipiga picha ili ukubwa wake ueleweke.

Simama pia pale ambapo dereva wa matatu angekuwa ameketi, upige picha ya kile ambacho angeweza kukiona. Picha hiyo moja hujibu utetezi wa kila siku kwamba pikipiki "ilitokea ghafla". Pima upana wa barabara, umbali kutoka steji hadi pahali pa kugongana, na umbali ambao dereva angeweza kuona bila kizuizi. Chora ramani kwa mkono na uandike vipimo juu yake. Haihitaji kupendeza. Barabara hii imekuwa ikipanuliwa, na mahali palipokuwa na njia mbili panaweza kuwa na nne kesi itakaposikizwa. Hakimu akitaka kujua palikuwaje siku ya ajali, ni picha zako zitakazomjibu.

Onyo: usitume picha kwa WhatsApp halafu ukafuta zile za asili. Picha inayopita huko hubanwa na kupoteza maelezo ya tarehe na kifaa. Zihifadhi kwenye simu iliyozipiga na uweke nakala mahali pengine. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hudai cheti kwa ushahidi wa kielektroniki, kinachoeleza jinsi picha ilivyopatikana na kutolewa na kifaa kilichotumika, kwa hiyo andika daftarini ni nani aliyepiga kila picha, kwa simu gani, na ni nani aliyezichapisha.

4. Tafuta kamera siku hiyo hiyo. Tembea pande zote mbili za barabara ukiangalia juu: vituo vya mafuta, benki, maduka ya jumla, hoteli, na milango ya nyumba za kupangisha. Mifumo mingi midogo hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache, kulingana na ukubwa wa diski. Zungumza na meneja, wala usiishie kwa mlinzi wa lango. Mwachie barua fupi yenye tarehe na saa, ukimwomba ahifadhi rekodi ya, tuseme, dakika 30 kabla na baada ya ajali. Baki na nakala iliyopigwa muhuri au kutiwa saini ya kupokelewa. Hata akikataa kukupa video, barua hiyo itamsaidia wakili kuiomba mahakama iamuru itolewe.

5. Tafuta mashahidi, uwahoji mmoja mmoja. Mashahidi wazuri ni wale ambao kazi yao huwaweka pale kila siku: waendeshaji bodaboda wa steji, mama mboga, fundi viatu, na mlinzi wa duka. Chukua jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na nambari ya pili ya ndugu au jirani, kwa kuwa kesi inaweza kusikizwa baada ya mwaka au zaidi na laini za simu hubadilishwa.

Usiwahoji wakiwa kundi. Maelezo ya msemaji hodari huwaambukiza wengine, na baadaye wote wataeleza jambo moja kwa maneno mamoja, hali ambayo hakimu yeyote huitilia shaka. Anza kwa swali lisilo na jibu ndani yake: "Ulikuwa unafanya nini kabla ya kusikia kishindo?" Jibu lake litakufunulia jambo muhimu kuliko yote, yaani kama aliona magari yakigongana au aligeuka baada ya kusikia. Wengi wa wanaosema "niliona" kwa kweli walisikia, kisha wakageuka wakaona pikipiki chini. Huyo bado ni shahidi wa maana wa nafasi ya magari, ya maneno ya kondakta, na ya waliokimbia, lakini si shahidi wa jinsi mgongano ulivyotokea, na ukimgeuza kuwa shahidi huyo ataumbuka atakapohojiwa na wakili wa upande wa pili.

Andika maelezo kwa lugha aliyoisema. Ikiwa ni Kigiriama au Kidigo, andika pia jina la aliyetafsiri. Msomee, asahihishe, kisha atie saini na tarehe kwenye kila ukurasa. Unaweza kumrudishia nauli halisi, nawe uiandike daftarini, lakini usimpe shahidi zawadi wala kumwahidi fungu la fidia. Shahidi aliyeahidiwa fungu ni mzigo, hata kama kila alisemalo ni kweli.

Mwendeshaji wa bodaboda mwenyewe mhoji kwa uangalifu. Alikuwa karibu kuliko wote, lakini naye anaweza kulaumiwa, hata kushtakiwa pamoja na dereva wa matatu, na kwa hiyo maelezo yake yanahitaji kuungwa mkono na mtu asiye na la kupoteza.

6. Fuatilia kumbukumbu za polisi. Hakikisha ajali imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, uchukue nambari ya OB, tarehe na saa. Andika pia jina la afisa anayepeleleza, nambari yake ya utumishi, na nambari ya faili la ajali. Uliza magari yamewekwa wapi na yatakaguliwa lini, ukayapige picha kabla hayajaachiliwa, kwa sababu matatu hurudi barabarani upesi na bampa iliyobonyea hunyooshwa ndani ya siku moja.

Abstrakti ikitoka, isome ukiwa bado mbele ya kaunta. Linganisha kila herufi ya nambari ya gari na picha zako. Angalia tarehe, tahajia ya jina, na iwapo majeruhi ameandikwa kuwa abiria au mtembea kwa miguu. Kosa la herufi moja hukupeleka kwa mwenye gari asiyehusika. Ukikuta imeandikwa kwamba upelelezi unaendelea, usidhani kazi imekwisha: rudi baada ya muda uulize kama dereva ameshtakiwa. Madereva wengine hukiri kosa la trafiki mapema, wakalipa faini, na jamaa za majeruhi wasijue kamwe. Pata nambari ya kesi hiyo ya trafiki, uombe nakala zilizothibitishwa za mwenendo na hukumu. Chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya kupatikana na hatia huwa uthibitisho kamili kwamba mtu huyo alitenda kosa hilo, ingawa bado mwenye dai anaweza kubebeshwa sehemu yake ya lawama.

Chukua pia fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ijazwe na daktari ikiambatana na karatasi za matibabu.

7. Thibitisha mwenye gari na bima. Jina kubwa la sacco ubavuni mwa matatu si jina la mwenye gari. Omba rekodi ya umiliki kutoka NTSA kupitia akaunti ya eCitizen, na uhakikishe inaonyesha aliyekuwa mmiliki *siku ya ajali*, maana gari huweza kuuzwa wiki inayofuata. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Piga picha ya stika ya bima kwenye kioo cha mbele: jina la kampuni, nambari ya bima, na tarehe za kuanza na kumalizika. Mpe wakili habari hizi mapema, kwa sababu kampuni ya bima inapaswa kuarifiwa kuhusu kesi ndani ya muda uliowekwa na Sura ya 405, sheria ya bima ya lazima ya magari, na asiyeiarifu huenda akashinda kesi akakosa wa kumlipa. Ujue pia kwamba sheria hiyo huweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja katika malipo ya lazima ya bima. Kinachozidi hudaiwa kwa mwenye gari.

8. Kusanya rekodi za matibabu kuanzia karatasi ya kwanza kabisa. Karatasi ya zahanati aliyofikishwa majeruhi dakika za mwanzo huwa na uzito kuliko ripoti ndefu iliyoandikwa miezi sita baadaye. Soma ilivyoeleza chanzo cha jeraha. Ikiwa muuguzi aliandika "alianguka kutoka kwenye pikipiki" bila kuitaja matatu, jua hilo sasa, uliweke kwenye sehemu ya udhaifu. Chukua barua ya rufaa, picha za eksirei pamoja na maelezo yake, na muhtasari wa kuruhusiwa. Piga picha za jeraha kila wiki mpaka lipone. Ripoti ya daktari kuhusu ulemavu wa kudumu isubiri hadi hali ya mgonjwa itulie.

9. Hesabu hasara kwa karatasi. Gharama halisi zilizotumika hutajwa waziwazi kwenye madai na kuthibitishwa kikamilifu, jambo ambalo Mahakama ya Rufani ililikazia katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh. Kila shilingi isiyo na stakabadhi ihesabu kuwa imepotea. Teksi ya kumpeleka kliniki, mikongojo, msaidizi wa nyumbani: omba risiti hapo hapo, na ukilipa kwa M-Pesa hifadhi taarifa ya malipo. Kwa mapato, asiye na hati ya mshahara atumie taarifa za M-Pesa, za benki, daftari la biashara au leseni ya kaunti. Korti ikikosa uthibitisho, mara nyingi huegemea kima cha chini cha mshahara, hata kama mtu alipata mara tatu ya hapo.

10. Panga faili kwa maswali manne ya hatua ya 2, kisha umkabidhi wakili nakala. Karatasi asili usizitoe bila orodha iliyotiwa saini ya kupokelewa. Hakikisha pia wakili ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo kwa kumtafuta kwenye orodha ya Chama cha Mawakili wa Kenya.

Makosa yanayojirudia

Kosa ghali kuliko yote hufanyika kitandani hospitalini. Mwenye gari hufika na matunda na bahasha, akisema "tuongee kama wazee", na mgonjwa hutia saini karatasi ambayo hakuisoma. Karatasi hiyo inaweza kuwa hati ya kukiri kwamba amelipwa yote na hana dai tena. Msaada wa kulipa bili unaweza kupokelewa, ila waraka wowote usitiwe saini kabla wakili hajausoma.

La pili ni madalali wa ajali, wale wanaomfikia mgonjwa kabla ya ndugu zake na kumwomba asaini kumpa kazi wakili asiyemjua. Wakili haruhusiwi kutafuta wateja kwa njia hiyo.

La tatu ni mitandao ya kijamii. Picha ya majeruhi akicheza harusini, hata ikiwa ya mwaka juzi, itachapishwa na kupelekwa kortini.

Ukikwama

*Gari lilitoroka.* Rudi kwenye hatua ya 4 ukapanue eneo: gari lililopita Mtwapa likielekea Kilifi linaweza kuonekana kwenye kituo cha mafuta kilicho mbele zaidi. Waulize waendeshaji bodaboda rangi ya gari, maandishi, njia, hata jina la kondakta. Vipande vya taa vilivyoachwa barabarani hudokeza aina ya gari. Yote uyapeleke kwa afisa anayepeleleza kwa maandishi.

*Hakuna uthibitisho kwamba majeruhi alikuwa abiria wa gari hilo.* Tafuta malipo ya nauli kwa M-Pesa, tikiti, simu alizopiga njiani, au abiria wenzake waliolazwa siku hiyo.

*Abstrakti haitoki.* Andika barua kwa mkuu wa kituo ukitaja nambari ya OB, ibaki nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakili anaweza baadaye kumwita afisa kortini aje na kitabu cha matukio na faili la ajali.

*Shahidi anaogopa.* Usimshurutishe. Mwulize anachokiogopa, mara nyingi ni kupoteza siku ya kazi au kugombana na watu wa steji. Mweleze kwamba korti inaweza kumwita kwa hati rasmi, na baadhi ya watu hupendelea kuitwa hivyo ili wasionekane wamejipeleka wenyewe.

*Majina hayalingani kati ya kitambulisho na karatasi za hospitali.* Omba hospitali irekebishe kwanza. Ikishindikana, wakili ataandaa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

*Majeruhi amefariki.* Uchunguzi unaendelea, lakini anayedai hubadilika. Utahitaji ripoti ya uchunguzi wa maiti, cheti cha kifo, ushahidi wa waliomtegemea marehemu, na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, japo ile ya muda kwa ajili ya kesi hii pekee. Ombi la hati hiyo lipelekwe mapema, kwa sababu kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya mirathi na mtu asiye na hati huweza kutupwa nje, na huku siku za ukomo zinaendelea kuhesabiwa.